Ukurasa wa Saba

Kama yupo mtu aliyewahi kuupenda mwongozo wa matumizi jinsi wengine wanavyopenda wachumba, basi ni yule mwanamke ambaye wenzake kazini walimbandika jina la Kamusi. Alitembea nao kwapani. Alikula huku akiusoma. Akisimama foleni benki, badala ya kutazama watu, alikuwa akijiuliza kama neno "bonyeza" linatosha au aseme "bonyeza mara moja," maana wapo watu, na sote tunawajua, ambao wakiambiwa wabonyeze hubonyeza mpaka kitu kivunjike.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja iliyokuwa ikijenga barabara na daraja juu ya kijito ilinunua programu ya simu ya kurekodi matukio ya mazingira: mafuta yakimwagika, vumbi likizidi, maji ya zege yakitoroka kuelekea kijitoni, mti usiopaswa kukatwa ukikatwa. Mfanyakazi anatoa simu, anapiga picha, anajaza fomu, anabonyeza Tuma, na ofisini wanaona papo hapo. Zamani hayo yote yaliandikwa kwenye daftari kubwa lililofungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati siku zote alikuwa nao mtu aliye likizo. Tatizo ni kwamba programu ilikuja bila kitabu cha maana, ila vijikaratasi vilivyotafsiriwa ovyo ovyo. Ndipo akatafutwa Kamusi, aliyekuwa mwalimu wa darasa la tano, aandike mwongozo ambao hata mtu wa chepe angeuelewa.

Mkataba wake ungekwisha siku ya mia tangu programu ianze kutumika. Siku hiyo ikifika na programu ikaonekana imefaa, meneja wa mradi alimwahidi ajira ya kudumu, aandike miongozo ya miradi yote tisa ya kampuni. Kamusi aliitaka kazi hiyo kwa roho yake yote, wala hakuona haya kusema. Alikuwa amefundisha miaka kumi na mmoja, akasahihisha madaftari mpaka vidole vikaota sugu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuamka na hamu kama aliyoamka nayo sasa. Siku hizi alifika kazini kabla ya mlinzi kumaliza chai.

Na matokeo yalikuwa ya kupigiwa mfano. Langoni palikuwa na ubao mweusi ambao meneja mwenyewe aliuandika kila asubuhi kwa chaki: SIKU 97 BILA TUKIO LA MAZINGIRA, kisha 98, kisha 99. Daraja linajengwa na watu mia tatu na mitambo ishirini, siku tisini na tisa, na hata tone la mafuta halijadondoka. Mtu mwenye akili zake angetia shaka. Lakini sifuri ile ya matukio ilikuwa tamu, na kitu kitamu watu hawakiulizi kimetoka wapi. Kamusi naye alikuwa akipita pale langoni huku kichwa kimemvimba kidogo, akijiambia kwamba watu wakisoma kitabu kizuri hata mafuta huacha kumwagika.

Siku ya tisini na tisa alirudi nyumbani saa tisa alasiri na nakala ya mwisho, ile ya kupelekwa kiwandani ikachapishwe, maana tangu siku ya mafunzo wafanyakazi walikuwa wakitumia nakala za kudurufu. Baba yake alikuwa barazani akimngoja. Mzee huyu aliendesha greda miaka thelathini na minne mpaka alipostaafu, na kwa muda wote huo hakuwahi kusoma mwongozo wa mtambo wowote. Alisema greda ukilisikiliza litakwambia lenyewe linachotaka. Tangu mwanzo alikuwa akimsumbua binti yake ampe kitabu akijaribu, na binti alikuwa akimchekea tu. Yeye alikijaribisha kwa wahandisi na makarani wa ofisini, watu ambao unawaambia jambo wanalolijua tayari, wakamsifu kwamba kinaeleweka vizuri sana. Leo, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha, aliona ampe mzee ili amnyamazishe.

Alimwekea simu yenye toleo la majaribio, akampa kitabu na miwani. Mzee akainua kikombe chake cha chai, akakiinamisha polepole juu ya sakafu ya saruji, akatangaza kwamba mafuta yamemwagika. Kisha akaanza ukurasa wa kwanza, kidole chini ya mstari.

Nani angedhani kuna raha kama ile. Kila mzee alipofuata sentensi na simu ikaitika, Kamusi alijikuta akitabasamu peke yake kama mtu anayekumbuka siri. Ukurasa wa pili, mzee akafungua programu. Wa tatu, akachagua aina ya tukio. Wa nne, akapiga picha ya chai, na kidole gumba cha mguu wake kikaingia humo, lakini hilo kitabu hakikulikataza. Wa tano na wa sita zilipita bila swali hata moja. Kamusi alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, magoti yakicheza, akitaka kumkumbatia.

Ukurasa wa saba, mzee akausoma mara mbili. Akaweka simu mezani, akavua miwani, akainuka.

Kamusi alimuuliza anakwenda wapi. Mzee akajibu anakwenda kutafuta tambara. Kamusi akamwambia bado hajabonyeza Tuma, na tambara halimo katika jaribio.

"Nitabonyezaje, mwanangu? Kitabu chako hiki hapa kinasema, ukishajaza kila sehemu ndipo ubonyeze Tuma. Sehemu ya kumi na moja inataka picha ya mahali pakiwa pamesafishwa. Sijasafisha. Ya kumi na mbili inataka stakabadhi ya gari la taka. Hapa kwetu gari la taka lilipita lini? Basi nangoja."

Kamusi alifungua mdomo amweleze kwamba hakumaanisha hivyo, kwamba mtu yeyote angejua tu, kwamba sehemu zile hujazwa baadaye. Badala yake akamwinamia mzee begani, akausoma ukurasa. Alikiona kitabu kwa macho ya mzee, na alichokiona ni amri iliyo wazi kama jua la mchana, kwa maandishi mazito, kwa mkono wake mwenyewe.

Maana programu haikudai hivyo. Walioitengeneza walikuwa watu wa maana, waliifanya ipokee hata fomu yenye mstari mmoja. "Kila sehemu" yalikuwa maneno ya mwalimu wa darasa la tano. Miaka kumi na mmoja aliwaambia watoto kwamba hakuna kukusanya karatasi kabla ya kujibu maswali yote, na alipopewa watu wazima wenye buti na kofia ngumu aliwaambia vilevile. Na pale kazini, udongo wenye mafuta huwekwa kwenye mapipa ukingoja gari la taka, na gari lile lilikuwa halijafika hata mara moja tangu programu ianze. Vumbi nalo, nani atakupa stakabadhi ya vumbi?

Alichukua simu yake, akampigia nyapara wa mitambo, mtu mmoja mfupi mwenye sauti nzito aliyeitwa Chuma. Alimuuliza jambo moja tu: kwenye simu yake ya kazi, pale penye matukio yaliyohifadhiwa, yako mangapi. Chuma akasema kumi na tisa. Akasema yote yamejazwa vizuri, yamebaki stakabadhi tu. Kisha, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa, akapandisha sauti.

"Na nyinyi wa ofisini mna dharau, dada yangu, nikwambie kweli. Tangi la dizeli la pale darajani koki inavuja, leo siku ya nane. Tumepiga picha, tumeandika, tukaambiwa ofisini mnaona papo hapo, hakuna aliyekuja. Tumetega ndoo, tunaimwaga asubuhi na jioni. Mnangoja mtaro ujae mafuta ndipo mje mtupe pole?"

Mtaro ule ulikwenda moja kwa moja kijitoni, na kutoka kijitoni watu wa bondeni walichota maji ya kunywa na ya kumwagilia mboga. Kamusi alijua hivyo. Alikuwa ameandika sura nzima juu yake. Akamwambia Chuma abonyeze Tuma hapo hapo, alivyo. Chuma akakataa katakata. Alisema siku ya mafunzo alitia sahihi kwamba atafuata kitabu, na yeye si mtu wa kutia sahihi leo na kuikana kesho kwa maneno ya simu. Akasema hata hiyo koki mpya stoo hawaitoi mpaka waone namba ya tukio, na namba haitoki mpaka fomu itumwe. Andika ukurasa mwingine, akasema, niletee, nikiusoma nitatuma hata sasa hivi.

Siku tisini na tisa wafanyakazi walikuwa wakiikasirikia ofisi kwa kuwapuuza, na ofisi ilikuwa ikijisifu kwamba hakuna la kupuuza.

Hapa sitawaficha: baada ya ile hofu ya kwanza, Kamusi alisisimka. Mtu anayependa kazi yake ana wazimu wake. Alijua kwamba kesho saa nne mkaguzi wa mwenye mradi angekuja na ujumbe wake kuitazama programu, na kwamba ajira yake yote ilining'inia kwenye ile sifuri ambayo sasa alijua ni uongo. Alijua. Lakini kitabu kilikuwa na tundu na tundu ameliona. Alikimbilia kalamu huku khanga ikimporomoka.

Aliandika: "Tuma taarifa mara tu uonapo tukio, sehemu nyingine zitajazwa baadaye." Mzee akauliza baadaye lini, na nani atazijaza, na je, mtu akisahau? Akafuta. Akaandika tena, mzee akasema hii ni ya wahandisi. Akaandika mara ya tatu na ya nne. Chai ilikuwa imeanza kukauka sakafuni na sisimizi wamekwisha pata habari. Mara ya sita ikawa hivi:

"Umeona? Piga picha. Bonyeza Tuma. Usingoje kusafisha, usingoje gari la taka. Yaliyobaki utayajaza siku utakayoyajua, hata mwezi ujao. Fomu haifungwi."

Mzee akasoma, kidole chini ya mstari. Akachukua simu, akabonyeza. Simu ikalia kengele ndogo, ikaandika: Tukio limepokelewa. Mzee akamtazama binti yake kwa jicho la mtu aliyelitoa greda kwenye tope, akasema kumbe ni jambo jepesi hivi, kwa nini mlilifanya gumu. Kamusi akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaenda kwenye duka la kudurufu kabla halijafungwa, akatoa nakala themanini za ukurasa mmoja.

Asubuhi ya siku ya mia alikuwa langoni saa kumi na mbili na nusu. Mawingu yalikuwa yameshuka, meusi, na upepo ulikuwa na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Meneja alikuwa tayari juu ya ngazi fupi, chaki mkononi, akiipamba namba 100 kwa kivuli pembeni. Hakuwa mtu mbaya, meneja yule. Alikuwa mtu aliyechoka kuitwa mbele ya wakubwa kwa mabaya, na sasa, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, alikuwa anaitwa kwa mazuri.

Kamusi alimweleza yote akiwa bado ngazini. Alisema sifuri si sifuri, kosa ni la kitabu, kitabu ni chake. Alimweleza kuhusu tangi na ndoo. Meneja aliteremka ngazi moja moja, akajipangusa chaki kwenye suruali.

"Sikiliza, mama," akasema. "Wageni wanakuja saa nne, saa sita wameondoka. Wakishatoka langoni, gawa karatasi zako, watu watume watakavyo, na koki itafungwa leo hii hii. Mkataba wako nautia sahihi kabla ya chakula cha mchana. Haraka haraka haina baraka. Tusafishe kwanza, halafu tuseme."

Kamusi akamuuliza, na mvua? Meneja akatazama juu, akasema itasubiri. Kisha akaingia kwenye kontena lake la ofisi.

Kamusi alikwenda akaketi juu ya rundo la nondo, mfuko wa karatasi mapajani. Niseme kweli, karibu akubali. Masaa matano na nusu, ni nini masaa matano na nusu kwa mtu aliyevumilia miaka kumi na mmoja? Ndoo ilikuwa imekaa siku nane, ingekaa na hii moja. Alikuwa akijiona tayari na meza yake, miradi yote tisa, vitabu tisa. Alianza hata kuinuka aende kunywa chai.

Ndipo maneno ya meneja yakamrudia. Tusafishe kwanza, halafu tuseme. Ule ulikuwa ukurasa wake wa saba, neno kwa neno, umetoka kwenye kinywa cha mtu mwingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii tumbo lingekuwa la mtoto fulani wa bondeni ambaye hajui hata kama kuna kitu kinaitwa mwongozo.

Akatoa simu yake. Kurasa sitini na mbili alikuwa ameandika kuhusu programu ile, na hakuwahi kutuma tukio la kweli hata siku moja. Alipofika kwenye kuchagua aina ya tukio akagundua kwamba hajui achague lipi, akachagua "Mengineyo." Mahali: Mwongozo, ukurasa wa saba. Maelezo: "Niliandika kwamba fomu isitumwe mpaka kila sehemu ijazwe. Kwa sababu hiyo taarifa za siku mia zimelala kwenye simu za wafanyakazi, ikiwemo ya dizeli inayovuja kando ya mtaro wa darajani." Chanzo: Mimi, mwandishi. Hatua iliyochukuliwa: hapo hakuwa na la kuandika, akapaacha wazi. Akabonyeza Tuma kabla moyo haujageuka.

Simu ikalia. Namba 1.

Kisha akakimbia. Mwanamke wa makamo, buti zinampwaya, kofia ngumu inamcheza kichwani, anakimbia kati ya marundo ya kokoto akigawa karatasi kama mtu aliyepewa habari ya harusi. Chuma aliupokea ukurasa wake, akausoma amesimama, midomo ikicheza. Akaugeuza kuona kama nyuma kuna masharti. Hapakuwa na kitu.

"Hii sasa ndiyo lugha," akasema, akatoa simu.

Alituma ya tangi kwanza. Ilipolia tu akamwonyesha fundi wake ile namba, na fundi akatoka shoti kwenda kumngoja mwenye ufunguo wa stoo, ambaye huwa hafiki kabla ya saa nne. Kisha Chuma akatuma nyingine kumi na nane, moja baada ya moja, akizitaja kwa sauti kama anayeita mahudhurio. Dereva wa winchi alishuka kutoka juu kabisa kuja kuchukua karatasi yake mwenyewe, maana hakuamini ya kuambiwa. Mama mmoja wa zege akasema yeye anazo saba na alikwisha dhani simu yake ni mbovu. Huku kengele, kule kengele. Watu wakaanza kuchekana, wewe ngapi, mimi tisa, kumbe wewe ndiye mchafuzi mkubwa. Kamusi alikuwa akipita katikati yao jasho linamtoka na furaha imemjaa mpaka haoni anapokanyaga; mara mbili alitumbukia kwenye tope mpaka magotini na mara zote mbili alitoka akicheka. Kazi yake ilikuwa imeanza kufanya kazi, hatimaye, na ilikuwa ikimfukuzisha kazi, na hakuweza kuacha kugawa.

Saa nne wageni walikuwa ndani ya kontena. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mkimya, mwenye buti zilizokwisha chakaa kwa matumizi halisi. Meneja aliwasha skrini ukutani, akawageukia wageni, akiipa skrini kisogo, akaanza hotuba aliyoifanyia mazoezi wiki nzima. Alizungumza juu ya nidhamu. Alizungumza juu ya mafunzo. Alipofika kwenye "na kama mnavyojionea wenyewe, sifuri," akaona wageni hawamtazami yeye.

Akageuka. Skrini ilikuwa inasema 58. Alipokuwa bado anaitazama ikasema 59, halafu 61.

Mkaguzi akavaa miwani, akaomba wamfungulie namba moja. Akaisoma kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kupandisha wala kushusha, na Kamusi, aliyefika mlangoni wakati huohuo akihema, akasikia maneno yake mwenyewe yakisomwa mbele ya watu. Mkaguzi akauliza nani ameandika. Kamusi akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mbona sehemu ya hatua iliyochukuliwa iko wazi?"

"Kwa sababu bado haijachukuliwa," akasema Kamusi. "Ningengoja niijaze, usingeisoma leo."

Alisema bila kumtazama meneja. Alijua kwamba amekwisha jiharibia, na hata hivyo, sijui niseme vipi, alijisikia mwepesi. Mkaguzi alivua miwani, akaikunja. Hakutoa hotuba. Aliuliza tangi liko wapi, akainuka, na ujumbe wote ukainuka naye.

Matone ya kwanza yaliwakuta njiani. Walipofika darajani ndoo, ambayo asubuhi hiyo hakuna aliyekumbuka kuimwaga, ilikuwa imejaa mpaka kwenye mdomo, na kutoka pale ndoo ilipo mpaka ukingo wa mtaro ilikuwa shubiri mbili, si zaidi. Chuma alikuwa amelala chini ya tangi, koki mpya mkononi, akimtukana mtu asiyeonekana. Mtu mmoja akaiondoa ndoo kwa mikono yote miwili, hatua kwa hatua, kama anayembeba mtoto mchanga aliyelala, na mwingine akatega tupu mahali pake. Wengine wakaanza kumwaga mchanga kuziba mtaro, na kwa kuwa machepe yalikuwa pale na mvua ilikuwa pale, hakuna aliyeuliza nani ni mgeni. Mkaguzi alipandisha suruali, akashika la kwake. Kamusi naye akashika. Chuma akatoka chini ya tangi ameloa dizeli na tope, akainua kidole gumba, na watu wakapiga kelele kama timu yao imefunga bao.

Mkaguzi, akiwa anapumua juu ya mpini wa chepe, alimwambia Kamusi kwamba ndani ya mkoba wake alikuwa amekuja na barua. Barua ilikuwa inauliza kwa nini mradi huu unaficha matukio, kwa sababu tangu aanze kazi hajawahi kuona daraja lililojengwa bila kumwaga kitu. Sasa, akasema, ataandika nyingine. Kisha akaendelea kumwaga mchanga, na hakusema itakuwa barua gani.

Meneja hakushika chepe. Alisimama kando ya tangi bila kofia, maji yakimtiririka usoni, akiitazama ile ndoo iliyojaa pale ilipowekwa, na mtaro, na kijito kule chini. Kamusi alimwona kwa pembe ya jicho. Alimwona akijipangusa uso, akageuka na kurudi ofisini peke yake, na akajua kwamba jibu la ajira yake limekwenda naye. Akaingiza chepe mchangani kwa nguvu zaidi.

Baada ya robo saa simu ikamtetemeka mfukoni. Aliifuta kwenye sehemu pekee ya nguo iliyokuwa kavu. Programu ilikuwa inamjulisha kwamba tukio namba 1 limejazwa sehemu moja, na aliyejaza ni meneja wa mradi.

Hatua iliyochukuliwa: "Mwandishi ameajiriwa leo. Ubao wa langoni nimeufuta mwenyewe."

Sehemu zilizobaki alikuwa ameziacha wazi, akatuma hivyohivyo. Kamusi alisoma mara mbili, akasoma na mara ya tatu, maandishi yakaanza kucheza machoni. Chuma alimuuliza kama kuna baya. Akampa simu asome mwenyewe, akalishika chepe lake, maana mtaro ulikuwa bado haujazibika upande wa pili na mvua ndiyo kwanza ilikuwa inakolea.